Utani wa Chumba cha Mtambo

Shangazi yangu Bertila alikuwa mwepesi wa kucheka, na hilo ndilo lililomponza. Mwaka 1972 alikuwa mwendesha kompyuta katika ofisi moja ya ushirika wa tumbaku hapa Tabora, kwenye chumba pekee mjini kilichokuwa na baridi mchana wa Oktoba.

Mtambo wenyewe ulikuwa mkorofi. Ulipiga hesabu huku ukichapa majibu papo hapo. Karatasi ikikwama au umeme ukikatika, kazi yote inapotea, mnaanza upya. Bertila alihangaika nao hadi akapanga kadi za maagizo zilizouamuru uyahifadhi majibu kwanza katika faili, kwenye utepe wa sumaku. Kuchapa kungefuata baadaye, hata kesho. Umeme ukatike utakavyo.

Wa kwanza kuonyeshwa alikuwa Lukumani, mwenzake wa zamu. Lukumani alikuwa Mzaramo, na Mzaramo kwa Mnyamwezi ni mtani tangu babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na misafara ya pembe. Mtani anakutukana, anakunyang'anya kofia, anakula chakula chako, nawe huruhusiwi kununa. Utamficha nini mtu kama huyo?

Akaja mtaalamu Mzungu, Kiswahili chake safi cha darasani, akitafuta mtu mmoja wa kupelekwa masomoni Ulaya. Akauliza lile faili ni kazi ya nani.

"Yangu," akadakia Lukumani. "Huyu Mnyamwezi mpagazi wangu tu, ananibebea kadi."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Bertila naye, masikini, akajibu kama utani unavyotaka: "Kweli kabisa, bwana mkubwa. Mimi nabeba mizigo, akili zote anazo yeye."

Mzungu hakucheka. Aliandika.

Lukumani angeweza kusahihisha kwa sentensi moja. Hakuisema siku ile wala baadaye, na jina lililotoka likawa lake. Bertila akaenda kwa meneja, Mzee Raymundi, Mnyamwezi mwenzake kabisa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Najua kilichokuleta, binti yangu. Lakini umshtaki mtani? Watu watatuonaje?"

Hasira zangu mimi ziko kwa mzee huyu hadi leo. Ukweli aliujua, akaukalia.

Siku ya safari ofisi nzima ilikwenda stesheni. Lukumani akatoa kichwa dirishani. "We Mnyamwezi! Nimekuibia Ulaya, umekaa unatazama!"

Watu wakacheka, wakamgeukia Bertila wasikie atakavyomrudishia.

"Safari njema, Bwana Lukumani," akasema.

Kicheko kikakatika. Bwana Lukumani! Hakuwahi kumwita hivyo tangu wafahamiane.

"Nitukane basi, mtani," Lukumani akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Treni ikaanza kusogea. "Bertila! Nitukane!"

Shangazi akampungia mkono kwa adabu zote, kama anavyopungiwa mgeni wa serikali.