Siku Niliyofunga Mdomo

Mwanangu Gadiel ana miaka ishirini na mitatu. Nusu ya miti ya mtaa wetu hapa Lemara ameiotesha yeye. Tangu azaliwe hawezi kuongea, kwa hiyo huandika kwenye tableti, nayo humsemea.

Mwalimu Violet, aliyekuwa akimwandaa kuomba kazi, alinigeukia mimi. "Mama Gadiel, kikwazo ni wewe. Kila anapoulizwa, unamjibia."

Nilikasirika! Nani anamjua kuliko mimi? Lakini miezi mitatu nikafanya mazoezi ya kunyamaza.

Siku ya usaili ikafika, kwenye kitalu cha miti kule Olmotonyi. Mwenye kitalu, mzee Lemburis, akaniuliza mimi, "Mama, huyu ataweza kutunza miche?"

Nikatazama dari. Gadiel akaandika polepole mno. Mzee akaangalia saa. Mimi nikajiuma ulimi.

Hatimaye tableti ikasema: "Shikamoo mzee. Miche yako ya pale mlangoni inamwagiliwa maji kupita kiasi. Mizizi inaoza."

Mzee akatoka, akang'oa mche mmoja, akaunusa. Aliporudi alikigeuza kiti chake kumwelekea Gadiel, mimi akanipa mgongo.

"Marahaba," akamwambia. "Unaweza kuanza lini?"

Tangu nizaliwe sijawahi kufurahia kupewa mgongo namna ile.