Nilimsingizia Mtani Wangu Kula Intaneti, Kumbe Ni Hedifoni Nilizouza Mwenyewe

Nimekosa, na sina tena wa kumsingizia. Niliyemsingizia ameshaondoka, na mimi ndiye niliyemwondoa. Nawaandikia nyinyi msionijua kwa sababu wanaonijua nimeshindwa kuwaangalia usoni. Majina nimebadilisha.

Mimi ni fundi kompyuta. Kibanda changu kiko Kariakoo, kwenye korido ya ghorofa moja iliyojaa mafundi simu na wauza chaja. Natengeneza, na pia nauza vidude vya kuchomeka. Mambo haya yalitokea miaka ile biashara zimefunguka, makontena yanashuka kila kukicha kutoka Dubai na China, na sisi mafundi tunauza vitu ambavyo hata wenyewe hatujavijaribu. Mteja anauliza kama kitu kinafanya kazi, unamjibu kinafanya, mzigo mpya huu. Utajuaje, wakati boksi mmelifungua pamoja?

Nilikuwa na mteja wangu Upanga, nimwite Mama Hiten. Familia ya Kihindu, watu wastaarabu, fundi ukienda unaletewa chai ya tangawizi kabla hujagusa waya. Binti yao alikuwa anasoma ng'ambo. Kila jioni, bibi wa nyumba akishawasha taa yake ya sala, wanakaa wote mbele ya kompyuta ya mezani na kuongea na binti kwa video.

Bibi huyo, mama mkwe wake Mama Hiten, wote walimwita Ba. Masikio yake yalikuwa mazito. Mjukuu anaongea, yeye anaona midomo tu inacheza.

Nikamwambia Mama Hiten dawa ninayo. Nikamletea hedifoni za Bluetooth, zile zisizo na waya, pamoja na kidude chake kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta. Wi-Fi yenyewe kompyuta ile ilikuwa inaipata kwa kidude kingine cha namna hiyo hiyo, nacho nilimuuzia mimi. Nikavichomeka vyote viwili kule nyuma, matundu yanayopakana, vikabanana bega kwa bega. Kisha nikaisukuma kompyuta mpaka ukutani ili meza ipendeze. Nikaondoka najiona bingwa.

Sasa humo ndani alikuwamo dada wa kazi, nimwite Leonia. Yeye Mhehe wa Iringa, mimi Mngoni wa Songea. Kama hujui, Mhehe na Mngoni ni watani. Mababu zetu walipigana mpaka wakachoka, sisi wajukuu tukabakiwa na maneno. Mtani akikuita mwizi mbele za watu, unacheka na kumrudishia. Ukinuna, wewe ndiye mwenye kasoro.

Siku ya kwanza tu, aliposikia natokea Songea, Leonia aliniuliza kama mababu zangu wameshaacha kukimbia. Nikamjibu wamesimama kidogo kuwasubiri wa kwao, maana walikuwa nyuma wanalia. Tangu hapo kazi ya Upanga ikawa naiendea kwa furaha. Nilimpenda kama ndugu yangu, nasema kweli.

Leonia ndiye aliyekuwa akimvalisha Ba zile hedifoni. Anazipitisha taratibu chini ya mtandio, anazisogeza, anazirudisha, mpaka Ba anaitikia kwa kichwa kwamba basi, zimekaa. Hakuna mwingine Ba aliyemruhusu kumgusa masikio. Akishamvalisha, Leonia anatoka barazani na simu yake. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake ya kupumzika, na alikuwa anaongea na mwanawe aliyemwacha Iringa kwa bibi yake.

Haikupita wiki Mama Hiten akanipigia. Picha inaganda! Wakiongea wao kwa spika za kawaida, safi kabisa. Ikifika zamu ya Ba, binti anaganda mdomo wazi, sauti inakatikakatika, halafu mawasiliano yanakufa. Ba analia, anadhani mjukuu hataki kuongea naye.

Nikaenda. Nikazima ruta, nikaiwasha. Nikafuta sijui nini, nikaweka upya sijui nini. Ukweli ni kwamba sikujua tatizo, na jasho lilikuwa linanitoka. Mama Hiten amesimama nyuma yangu anasubiri. Akaniuliza kwa upole, "Fundi, tatizo ni nini?"

Wakati huo huo Leonia akapita, simu mkononi. Nikamnyooshea kidole.

"Tatizo ni huyu Mhehe hapa," nikasema. "Ba akianza tu kuongea, yeye yuko barazani anakula intaneti yote. Mwizi huyu, Mama, umwangalie sana."

Leonia alicheka mpaka akashika ukuta. Alikuwa na haki ya kucheka, kwa sababu simu yake ilikuwa kitochi, simu ya vibonye ya kupiga na kupokea tu. Kitochi kinakulaje Wi-Fi? Ndipo utamu wa utani wenyewe ulipokuwa, na yeye na mimi tuliujua. Akanijibu kwamba Mngoni akikosa cha kutengeneza hutengeneza uongo, akaenda zake jikoni.

Mama Hiten hakucheka. Amezaliwa hapa hapa Dar, Kiswahili anakisema kuliko mimi, lakini utani wa Mhehe na Mngoni haukuwa wake. Yeye alimsikia fundi akimtajia mwizi. Na kwa macho yake mwenyewe alikuwa ameona kwamba kila picha inapoganda, Leonia yuko barazani na simu.

Niliiona sura yake ikibadilika. Jamani, niliiona! Nilitakiwa niseme pale pale, Mama, natania, huyu mtani wangu. Lakini ningesema hivyo angerudia swali lake, na jibu sikuwa nalo. Nikauchuna. Nikamaliza chai yangu nikaondoka.

Kesho yake Leonia akamwaga unga.

Nilisimuliwa na mlinzi wa getini. Mama Hiten alitaka aonyeshwe simu nyingine, ile kubwa inayokula intaneti. Leonia akasema hana. Begi lake likamwagwa pale pale chini, nguo za ndani na zote, mlinzi anatazama, majirani wanachungulia kwenye ngazi. Simu haikupatikana, ikaonekana ameificha. Akaokota nguo zake na kuondoka. Na mimi huyu, fundi mwenye kibanda, nilijua simu hiyo haijawahi kuwepo.

Unadhani nilikimbia Upanga kusema? Sikukimbia. Nilijiambia atapata kazi nyingine, mjini hapa watu wanahama kazi kila siku. Nilijidanganya hivyo na nikawa nakula na kulala vizuri.

Kumbe kule, ikifika zamu ya Ba, hata kabla hajavalishwa hedifoni, picha bado inaganda. Mama Hiten akanipigia tena, safari hii sauti yake imepungua upole.

Siku hiyo hiyo kibandani akaja mteja kujaribu hedifoni kama zile za Ba. Kompyuta yangu ilikuwa inaonyesha mpira kwa Wi-Fi. Nikachomeka kidude cha Bluetooth pembeni ya kile cha Wi-Fi, sauti ikaingia kwenye hedifoni, na mpira ukaganda! Nikachomoa, ukaendelea. Nikachomeka, ukaganda. Mteja akadhani nachezea muda wake, akaondoka. Mimi nikarudia tena peke yangu, ikawa vile vile.

Maana yake ni hii. Wi-Fi ya vifaa vile na Bluetooth zinatumia mawimbi ya aina moja. Ukibananisha vidude vyao, ni sawa na wauza dawa wawili wenye vipaza sauti mbele ya mlango mmoja, hasikiki hata mmoja. Ukivificha nyuma ya boksi la bati na ukuta, ndiyo umemaliza. Dawa yake ni waya mfupi wa kurefushia. Kidude cha Wi-Fi unakivuta mpaka juu ya meza, mahali pa wazi, na cha Bluetooth unakihamishia mbele. Basi. Kazi ya kupiga mluzi tu.

Nilikwenda Upanga na ule waya mfukoni. Njiani nilikuwa nimeshapanga maneno ya kuomba radhi. Nilipofika, Mama Hiten akafungua mlango na kuniuliza kama nimejua tatizo, na ulimi wangu ukageuka wenyewe. Nikasema yule dada aliwagawia watu paswedi, kwa hiyo nabadilisha. Nikabadilisha paswedi mbele yake kwa mbwembwe, kisha nikainama nyuma ya kompyuta kana kwamba nafuta vumbi, nikauunga ule waya.

Nikavaa hedifoni mwenyewe kujaribu. Binti akaonekana, picha inateleza kama maji. Mama Hiten akashusha pumzi, akasema, "Kumbe kweli alikuwa yeye."

Mnaona nilichofanya? Nilitengeneza kosa langu, na matengenezo yakawa ushahidi dhidi ya Leonia.

Halafu Mama Hiten akataka kumvalisha Ba. Ba akausukuma mkono wake. Akajaribu tena, Ba akageuza uso, akasema maneno ya Kigujarati, nami nikaambulia neno moja tu, Leonia. Kwenye kioo mjukuu anaita Ba, Ba, sauti safi, picha safi, na bibi anatazama midomo inacheza kama zamani. Nilitoka mle ndani bila kuaga vizuri.

Nilivumilia muda, nikashindwa. Nikarudi nikamweleza Mama Hiten yote, hedifoni, vidude, utani, paswedi. Hakunipigia kelele, na afadhali angenipigia.

"Kwa hiyo ile simu kubwa haikuwepo kabisa?"

"Haikuwepo, Mama."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

Akasema begi lile alilimwaga kwa mkono wake mwenyewe. Akaniambia nikamtafute Leonia, nimwambie arudi, yeye atamwomba radhi mbele ya mlinzi na majirani wale wale. Akafungua mlango, nikatoka. Tangu siku hiyo sijaitwa Upanga na mtu yeyote, na sishangai.

Nilimpata kwa mama lishe mmoja karibu na Mnazi Mmoja, ameinamia beseni la vyombo. Kwa woga nikaanza na utani. Nikamwita Mhehe, nikamuuliza kama bado wa kwao wako nyuma wanalia.

Akainua kichwa, akafuta mikono kwenye kanga.

"Habari za kazi, fundi," akasema.

Fundi! Siku zote mtani, leo fundi. Nikasimama pale nikamweleza kila kitu, naye anasikiliza huku anasuuza sahani. Nilipofika kwenye begi alisita kidogo, akaendelea. Nikampa ujumbe wa Mama Hiten. Akasema hapana, amempata wa kufanya naye kazi, na nyumba ile watu wameshaona nguo zake.

Nikadhani yameisha. Akaniuliza, "Ba anazivaa?"

"Hataki. Anamsukuma Mama Hiten."

"Anamwanzishia kushoto huyo. Mwambie aanze sikio la kulia. La kushoto linamuuma, lazima ashikiwe mtandio kwanza." Akachukua sahani nyingine. "Umwambie leo, fundi. Usikae nayo."

Sikukaa nayo. Nilimpigia Mama Hiten pale pale barabarani nikasema kama nilivyoambiwa. Akaniomba nirudie, nikarudia, akakata simu. Jioni akanitumia ujumbe mfupi kwamba Ba ameongea na mjukuu wake, na kwamba nisipige tena.

Mafundi wenzangu, mkiulizwa tatizo ni nini na hamjui, semeni hamjui. Mteja atakasirika, atakwenda kwa mwingine, na hakuna atakayekufa. Vidude vya Wi-Fi na Bluetooth msivibananishe, na mkiuza kitu, kijaribuni kwanza. Nanyi mnaopenda utani kama mimi, angalieni nani yuko chumbani. Ukimwona mmoja hacheki, simama hapo hapo umweleze. Mimi sikumweleza. Mnazi Mmoja napita kila siku, na kila siku Leonia ananisalimia vizuri, ananiita fundi.