Soksi Iliyomwangusha Winchi

Kwenye duka la samani walimwita Winchi, kama ile mashine ya kuinulia mizigo, na jina lilimkaa. Kwa miaka kumi na minane mgongo wake ndio uliopandisha makabati ya watu ghorofani, na msaada hakuutaka. Ukimshikia upande wa pili alinuna.

Jumapili moja asubuhi, ametoka tu usingizini, aliinama kuokota soksi chini ya kitanda. Kitu kikavutika kiunoni, pwaa, akaganda pale pale kichwa chini miguu wima. Mkewe, fundi cherehani, alipoingia alidhani kuna kilichopotea. Akainama naye.

“Unatafuta nini?”

“Natafuta namna ya kuinuka.”

Akalala chali siku tatu, hata kugeuka hataki. Wenzake wa kazini walipokuja kumjulia hali aliwaambia ni kabati la milango mitatu. Kufika jioni kabati lilikuwa na milango sita. Mkewe alikuwa chumba cha pili anashona, akisikia yote.

Siku ya nne akamburuta zahanati. Mtaalamu wa viungo, mama mmoja mwembamba, aliuliza ameinua nini.

“Kabati,” akasema Winchi.

“Soksi,” akasema mkewe.

Yule mama hakucheka. Alisema wengi humjia hivyo: msuli umechoka kwa mizigo ya miaka, asubuhi bado haujachangamka, mtu anainama huku amejipinda. Akamgonga magoti, akamuuliza kama miguu inakufa ganzi au mkojo unamsumbua. Ingekuwa hivyo angemkimbiza hospitali kubwa saa ile ile. Haikuwa hivyo. Ni nyuzi za msuli zilizovutika, zitapona kwa wiki kadhaa. Barafu iliyofungwa kitambaa ingefaa siku mbili za mwanzo. Sasa ni kitambaa cha moto, na dawa ya maumivu kama alivyomwandikia.

“Basi nilale mwezi mzima,” Winchi akasema, karibu kwa furaha.

“Kulala ndiko kulikokukaza, baba. Tembea.”

Akatembea, mkono kiunoni, kwanza hadi mlangoni, kesho yake hadi kona ya mtaa, watoto wakimpita na vizee wakimpita.

Wiki ya sita alirudi kazini. Alikunja magoti, akaukumbatia mzigo karibu na kifua, kisha kwa sauti ndogo akamwomba mwenzake ashike upande wa pili. Njiani kwenye ngazi walipiga soga. Ndipo alipojua kwamba yule bwana, aliyefanya naye kazi miaka tisa, ana mapacha.