Mama Aliyeniambia Nimpime

Kama umekuja kusikiliza ili ucheke, cheka sasa umalize, halafu tuendelee. Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, alasiri, bila tone la pombe ya busaa tumboni. Mchungaji wetu nimemweleza mara tatu, na mara zote tatu ameishia kuniombea.

Wakati huo nilikuwa fundi wa mawe. Baba yangu alitoka Maragoli kuja kufanya kazi ya reli hapa Nakuru, mimi nikazaliwa kwenye nyumba za reli, nikajifunza kushika mwiko mapema. Kulikuwa na mzungu mmoja mwenye shamba upande wa Dundori. Sisi tulimwita Ndevu. Alipenda wanyama: alikuwa na nyani, korongo na chui mmoja mzee, na Jumapili wazungu wenzake walileta watoto kuwatazama. Siku moja akaniita nimjengee bwawa la simiti. Akachora chini kwa fimbo: futi kumi na mbili kwa nane, kina cha kufika kiunoni. Sikuuliza ni la nini. Nani alikuwa anauliza siku zile? Ilikuwa Hali ya Hatari, mkoloni anakamata watu ovyo. Ukiwa na pasi ya kuishi mjini mfukoni na kazi mkononi, ulinyamaza.

Nililijenga vizuri, niamini. Kona zilinyooka kama za sanduku. Plasta niliilainisha mpaka ukipitisha kiganja unafikiri ni sahani.

Kisha akaja kasa. Alitoka Mombasa kwa gari la moshi, ndani ya sanduku la mbao, amefunikwa magunia yaliyolowa maji. Tulimbeba watu wanne. Mnyama wa bahari sikuwa nimewahi kumwona. Kiprono, Mkipsigis aliyekuwa akilisha wanyama wa Ndevu, alimtazama akasema, "Huyu ni kobe, lakini miguu amesahau nyumbani." Tukacheka. Ndevu akatuambia tumwage majini magunia mawili ya chumvi ya ng'ombe, ati maji yafanane na bahari.

Baada ya hapo hakuna aliyecheka tena. Yule kasa aliogelea mbele tu. Akifika ukutani, ngo! Anageuka kidogo, kona inamshika, ngo! Mchana kutwa. Kabichi tulizomtupia hakugusa. Siku ya tatu pua ilikuwa imechubuka, na kona zangu nne zote zina damu. Mimi nilikuwa bado pale, najenga ukuta wa nje, kwa hivyo kila ngo niliisikia. Nikirudi nyumbani, naisikia. Mawe niliyozoea kupanga bila kufikiri nikawa nayapanga, nayabomoa, nayapanga tena. Kwa nini? Ubaya gani nilikuwa nimemfanyia? Nilijenga nilichoambiwa.

Siku ya tano, kama saa tisa, ukungu ukateremka kutoka milimani. Kiprono alikuwa kwa nyani. Nilikuwa nimeinama nachanganya simiti, nikasikia mtu anavuta pumzi nyuma yangu, pumzi moja ndefu, kama ya mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji.

Alikuwa mwanamke. Mtu mzima, mnene, amejifunga kitambaa cha kijivu, hana viatu. Nilishangaa amepitaje, maana langoni kulikuwa na askari wa kuuliza pasi. Machozi yalikuwa yanamtiririka mashavuni, lakini uso wake haukuwa wa mtu anayelia. Yalikuwa yanatoka tu.

"Hujambo, mama," nikamwambia. "Unatafuta nani?"

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo, mama."

"Hiyo shati, nani alikushonea?"

"Fundi mmoja pale mjini."

"Alikupima?"

"Alinipima. Mabega, mikono, kila mahali."

"Na wewe hapa ulimpima nani?"

Alisema maneno mengi bila kupumua, kisha akavuta ile pumzi ndefu, kisha akaendelea. Aliniambia mnyama wa bahari hajui kona. Hajawahi kufika mahali maji yanapoisha. Anataka ukuta unaompeleka, usiomkatiza. Anataka maji yanayotembea, kina cha kuzamia, kivuli cha kujificha asionwe na mtu, na mchanga wa kulaza kifua.

"Na maji haya ni baridi," akasema. "Baridi ya huku inafika kwenye mifupa. Na hiyo chumvi ya ng'ombe inanichoma macho."

Inanichoma, alisema. Mimi neno hilo sikulishika wakati ule. Wewe ungelishika?

Akanyoosha mikono. "Nipime."

Usiniulize kwa nini nilitii. Nilichukua kamba yangu ya kupimia, ya yadi tatu, nikaibana ncha yake kwenye vidole vya mkono wake wa kushoto. Vilikuwa baridi, vinateleza. Akaishika. Nikatembea kuelekea mkono wa kulia. Nikatembea, nikatembea. Kamba ikaisha. Mkono ulikuwa bado unaendelea mbele ndani ya ukungu, vidole sivioni. Hapo ndipo nilipotupa macho bwawani.

Hakukuwa na kitu. Maji matupu, na ile damu ukutani.

Kamba ikaniponyoka. Nikasikia maji yakipigwa kwa nguvu. Nilipoangalia tena nilikuwa peke yangu, kasa yuko ndani, na kamba yangu imenasa kwenye mkono wake mpana wa kuogelea.

Nilikimbia mpaka kwa Kiprono. "Umeona mwanamke amepita hapa?"

"Yule mama wa machozi?" akasema, bila hata kuacha kumenya ndizi za nyani. "Toka juzi anakuja. Anasimama hapo nyuma yako anakuangalia ukifanya kazi. Mimi nilidhani ni mama yako."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mtu anaambiwa mama yake amekuja?"

Asubuhi nilikwenda kwa Ndevu, kofia mkononi. Nikamwambia lile bwawa nimelikosea, aniruhusu nivunje kona.

"Wewe fundi ya mawe," akasema, "hapana daktari ya samaki! Rudi kazi!" Akaniambia nikiligusa atanichafulia pasi, na mtu mwenye pasi iliyochafuliwa hakuwa na mahali pa kukaa Nakuru.

Juma lile alikwenda Nairobi siku nne. Siku aliyoondoka tulimtia kasa kwenye sanduku lake na magunia ya maji, tukaanza kuvunja. Kiprono angeweza kukataa. Hakukataa. Kona tulizifanya mviringo kwa mawe. Katikati tulichimba shimo la kumzidi mtu kimo. Tukaleta mchanga wa mtoni, tukaezeka nusu ya bwawa kwa nyasi. Maji ya uvuguvugu tuliyavuta kwa bomba kutoka kwenye pipa la kuchemshia maji ya kuoga ya Ndevu, tukalielekeza bomba kando ya ukuta ili maji yazunguke. Simiti ilitaka siku zaidi, lakini siku hazikuwepo. Kilichotushinda ni chumvi. Tulitia ya jikoni, tukijua kabisa kwamba si yenyewe.

Tulipomrudisha, alizunguka mara moja. Akazunguka ya pili. Sisi tumesimama hatupumui. Hakugonga. Alizama kivulini akalala, na jioni akala kabichi.

Ndevu aliporudi alilizunguka bwawa lote. Hakunipiga. Aliandika kwenye pasi yangu kwamba sisikii amri, nikaondoka Nakuru siku hiyo mpaka Hali ya Hatari ilipoisha. Kiprono ndiye aliyenieleza yaliyofuata. Kasa alikaa kimya mpaka mvua za masika, lakini machozi kama ya yule mama hayakukoma kumtoka. Alasiri moja ya ukungu Kiprono alimsikia Ndevu kando ya bwawa, anazungumza na mtu kwa Kiingereza, kwa adabu ambayo hajapata kumsikia nayo. Kesho yake Ndevu akaagiza sanduku litolewe, kasa apelekwe stesheni, arudishwe Mombasa. Sababu hakumwambia mtu.

Na mimi? Mkono huu wa kulia, uliogusa vile vidole, haujakauka maji ya chumvi mpaka leo. Kila ukuta nilioupiga plasta tangu hapo ulitoa chumvi: wiki mbili tu, unga mweupe unachipuka, rangi inabanduka, mwenye nyumba ananiita mwizi wa simiti. Nimeombewa. Nimenawa kwa dawa ya mganga wa Olenguruone. Wapi! Niliacha plasta, nikaenda kuchimba mawe, na katikati ya hayo mke wangu akaniacha.

Kwa hivyo wewe unayejenga, iwe zizi, iwe banda la kuku, iwe chumba cha kupangisha watu, mtazame kwanza atakayekaa ndani. Tazama anavyopumua, tazama anavyogeuka. Na ukiona anaumia, usijifariji kwamba uliagizwa. Mimi nilijifariji hivyo siku tano, na ni hizo siku tano ninazozilipia mpaka leo.