Viatu Katika Mahojiano ya Kumi na Moja

Shangazi yangu ni mpigachapa. Chuoni walimpa jina la Bi Koma, na kila mtu ana maelezo yake. Wahadhiri wa zamani wanasema ni kwa sababu alikuwa akiwarudishia kurasa zao na kuwaonyesha pa kuweka koma. Makarani wenzake wanasema ni kwa sababu mtu akimletea kazi saa ya kufunga ofisi, alimjibu neno moja tu: "Koma!" Mwenyewe ukimuuliza anasema yote mawili ni kweli.

Miaka thelathini na mmoja aliketi ofisi ya idara akichapa tasnifu za watu. Waliingia wanafunzi wakatoka madaktari, yeye yuko kiti kile kile. Hajawahi kukaa kwenye ukumbi wa mihadhara hata dakika moja, ila kila kilichoandikwa katika jengo lile alikisoma, tena mara mbili, maana mara ya pili alikuwa akitafuta makosa. Kisha kila mwanafunzi akawa na kompyuta yake. Wakamshukuru, wakampa saa ya ukutani, akarudi nyumbani. Mimi shule niliiacha darasa la tano, na kusoma kwa kutulia nimejifunzia kwenye karatasi zake zilizoharibika.

Mwaka jana Daktari alikuja kumtafuta. Si daktari wa hospitali, ni mhadhiri, na tasnifu yake aliichapa shangazi. Alikuwa anafanya utafiti juu ya maisha ya chuo: wanafunzi wanaishije, walimu wao wanaishije, kwa nini wengine wanaacha katikati. Watu arobaini walikuwa wamehojiwa na sauti zao kurekodiwa. Alitaka mtu wa kuzigeuza maandishi.

"Mama, vijana wangu wanaandika wanachodhani wamesikia," alisema. "Namtaka anayeandika alichosikia."

Shangazi alisaini karatasi ya kutunza siri. Kwenye zile sauti hamkuwa na jina la mtu: Mwanafunzi wa Kwanza, Mhadhiri wa Nne, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kanuni ilikuwa neno kwa neno. Mtu akisema "mh", andika "mh". Akicheka, weka kicheko kwenye mabano. Akinyamaza, andika kimya, na sekunde ngapi. Saa moja ya sauti ilikula saa sita za kuchapa, na alizifanya asubuhi kabla jirani yetu, fundi wa kuchomelea vyuma, hajawasha mashine. Siri aliitunza vizuri. Tatizo ana tabia moja asiyoijua: akichapa, midomo inasema. Na chumba chetu ni kimoja.

Kila Ijumaa alikuja msaidizi wa Daktari kuchukua kazi, kijana mrefu anayesomea shahada ya pili. Shangazi alimwita Jedwali, kwa kuwa kila kitu alikiingiza kwenye jedwali, walioridhika safu hii, wasioridhika safu ile.

"Jedwali, umekula?"

"Nimekula, mama."

"Nikuweke safu ya walioshiba au ya wanaojikaza?"

Kijana alicheka, na chai hakuikataa.

Basi akafika kwa Mwanafunzi wa Kumi na Moja. Alikuwa binti, na aliulizwa juu ya walimu wake. Zaidi ya hapo sitaandika. Nilikuwa nakunja nguo, nikaona midomo ya shangazi imesimama lakini vidole havijasimama. Akarudisha sauti nyuma. Akasikiliza tena. Akarudisha tena.

"Shangazi, mashine imeharibika?"

"Haijaharibika. Njoo usikie." Mara akaziba hedifoni kwa viganja. "La, usije."

Alichoandika nilikiona jioni, karatasi ikiwa mezani. Swali, kisha mabano: kimya, sekunde kumi na nne; viatu vinapita nje; mwanafunzi anazuia pumzi mpaka vimepita. Halafu jibu: "Sina neno." Swali jingine, viatu vikarudi, pumzi ikazuiwa tena. "Sina neno." Hivyo mara sita.

Ijumaa Jedwali aliisoma akiwa amesimama.

"Mama, haya mambo ya viatu tuyatoe."

"Kwa nini?"

"Viatu havikuulizwa swali."

"Havikuulizwa, ila ndivyo vilivyojibu."

Alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. "Tazama, mama. Binti amesema hana neno. Maana yake hana lalamiko. Namweka kwa walioridhika, tunasonga mbele. Ripoti inatakiwa wiki ijayo."

Shangazi alivua miwani. Akivua miwani ujue hatanii. "Mume wangu aliponiacha, kaka yangu alikuja kuniuliza kama nina la kusema. Nilimwambia sina neno. Kwenye jedwali lako mimi ningekaa safu gani?"

Kijana akageuza karatasi upande wa pili, ambako hakukuwa na kitu.

"Mlimhojia wapi?"

"Kile chumba kidogo cha idara, mwisho wa korido. Pana utulivu."

"Mwanangu, korido ile naijua kuliko unavyoijua wewe. Kila mwalimu anapita pale, na ukikohoa ndani anakusikia. Pana utulivu kwa mwenye ofisi."

"Lakini Daktari amesema tusafishe nakala kabla ya kupeleka."

"Kasafishe vikombe. Hii usiiguse."

Jedwali alishusha sauti, si kwa ubaya. "Mama, zimebaki sauti kumi na saba. Ukishikilia hivi, watapewa watu wengine."

Shangazi alichomoa flashi kwenye kompyuta akamtia mkononi. "Mpelekee. Mwambie asikilize mwenyewe kwa masikio yake, kuanzia dakika ya ishirini na mbili. Akisema nifute, nitafuta. Ila na mimi anifute humo, nisitajwe kuwa ndiye niliyechapa."

Siku mbili zile hakuwa na kazi. Alifuta vumbi kwenye kibodi kwa kijiti chenye pamba, kitufe kimoja kimoja. Mara moja tu alisema, wala sijui alikuwa anamwambia nani: "Umri huu nimegombana na mtoto wa watu kwa ajili ya viatu." Nilijua kazi ile anaitaka. Tangu aipate alikuwa ameanza tena kuamka mapema na kuchana nywele kabla ya kuketi mezani.

Jumatatu mchana Daktari alikuja mwenyewe. Aliketi ukingoni mwa kitanda, mkoba bado begani.

"Nimesikiliza mara tano," alisema. Kwa fundi mashine ilikuwa inalia, ikabidi aseme kwa nguvu, kisha ikanyamaza ghafla na sauti yake ikajaa chumba. "Chumba kile nilikichagua mimi! Kilikuwa na feni, mama. Nilitazama feni tu."

Shangazi aliendelea kufuta kibodi kwa kijiti chake.

"Nimemtafuta binti. Kanuni inaniruhusu kumrudia mtu nimsomee maneno yake. Tumekutana mbali na chuo, kwenye benchi la stendi ya basi."

"Akasemaje?"

"Alitaka kusoma mwenyewe. Alipofika penye viatu akarudia. Akaniuliza nani ameandika hivi. Nikamwambia ni mpigachapa wetu, mama mtu mzima, hakujui. Akasema, 'Kumbe kuna mtu alisikiliza.'" Daktari alishusha mkoba chini. "Halafu akaomba atolewe. Yote, mwanzo mpaka mwisho."

"Atolewe wapi?"

"Kwenye utafiti. Ni haki yake, imo kwenye fomu aliyosaini."

"Na viatu?"

"Na viatu, mama."

Shangazi, yule aliyewarudishia maprofesa kurasa zao, alikaa mikono mapajani kama mgeni. Kisha akauliza, "Anaendelea na masomo?"

"Hilo siwezi kukuambia."

"Kwa kuwa hujui, au kwa kuwa umesaini?"

Daktari alitoa ile flashi mkobani akasogea kwenye kompyuta.

Wakafuta pamoja. Kompyuta iliuliza kama wana hakika. "Hata mashine inanisuta," shangazi akasema, akabonyeza ndiyo. Kurasa za karatasi zilikuwa tisa. Alinipa mkasi mmoja, yeye akashika mwingine, tukakata vipande vyembamba hata herufi zisikae nzima. Nilipokata kipana alikichukua akakikata upya. Daktari alipoondoka hatukuwa tumemaliza.

Kesho yake, wala si Ijumaa, Jedwali alisimama mlangoni.

"Mama, wa kumi na mbili nimsogeze awe wa kumi na moja?"

"Usimsogeze. Paache wazi."

"Msomaji atauliza."

"Na aulize."

Hakuondoka. Alifungua mkoba akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Nimepekua kazi zote. Wanaosema sina neno wako tisa wengine. Zile nilizichapa mwenyewe kabla yako, kimya nilikiruka. Na chumba ni kile kile." Aliikunjua karatasi. "Wote nimewaweka kwa walioridhika."

"Na ripoti ya wiki hii?"

"Daktari ameomba mwezi mmoja zaidi. Waliotoa fedha za utafiti hawakufurahi."

Shangazi alisogeza kiti cha pili mezani. Aligeuza hedifoni, sikio moja kwake, jingine kwa kijana, wakakaa vichwa vimekaribiana kama watu wanaopeana umbea, ila nyuso hazikuwa za umbea. Walianza na Mwanafunzi wa Tatu. Mimi sikusikia kitu. Niliona tu kidole cha shangazi kikigonga meza polepole, kikihesabu sekunde, kikapita kumi, kikapita kumi na tano, na kalamu ya Jedwali imesimama juu ya karatasi.