Kopo la Mchele Lililochorwa Parokiani

Jumapili ile siisahau, mwanangu, maana ndiyo siku niliyojikuta nimetundikwa ukutani. Usicheke kwanza. Utacheka, lakini ngoja nifike.

Ilikuwa miaka ya vita, hapahapa Kisangani. Mabomu yalikuwa yamenyamaza kidogo. Maboti ya Kinshasa hayakupanda tena mtoni, na sabuni tulikuwa tunaitafuta kama dawa. Mchele ndio ulifika, kutoka Opala, juu ya baiskeli ambazo vijana walizisukuma kwa miguu siku nyingi. Mimi nilikuwa mama kijana, mwenye watoto watatu na mdomo mrefu. Niliuza mchele huo sokoni, kwenye meza ya Tante Henrieta, dada ya baba yangu. Magoti yalikuwa yamemshinda, akaniachia meza pamoja na kopo lake la kupimia, kopo la bati lililokuwa zamani la maziwa ya unga.

Bon. Kopo hilo nililipiga. Wewe hujui ufundi huo, na sikufundishi, ninakueleza tu. Unalipindua, unagonga kitako chake kwa jiwe mpaka kinaingia ndani. Ukilijaza, mteja anaona mchele umepanda juu mpaka unamwagika, anafurahi. Hajui kwamba chini kitako kimekula nafasi yake. Wauzaji wengi walifanya hivyo, lakini mimi niligonga kuwashinda wote. Nilijiambia ni vita. Ee, vita ilitwikwa mizigo mingi siku zile, hata ile ambayo si yake.

Sasa parokia yetu ikafanya maonyesho. Padri aliona watu wanajifungia nyumbani kwa woga. Akawaita wachoraji, wachongaji na mama wanaosuka vikapu, walete kazi zao katika ukumbi wa parokia, kila Jumapili baada ya misa, mwezi mzima, ili watu watembee, watazame, wasahau risasi. Kitambaa cha kuchorea hakikupatikana, kwa hiyo wachoraji walipasua mifuko ya unga wa msaada wakachora juu yake. Na watu walijaa! Bomu lilikuwa limetoboa bati la ukumbi tundu kama sinia, na jua likiingia hapo kama taa. Padri, kwa akili yake, akatundika chini ya mwanga ule picha nzuri kuliko zote.

Picha hiyo ilikuwa mimi.

Aliyeichora ni Papa Zefirini, mzee mwembamba aliyeishi kwa kuandika majina juu ya misalaba ya makaburi na kuchora vichwa vya watu kwenye milango ya vinyozi. Kila siku alisimama mbele ya meza yangu, ananitazama tu. Mimi nilidhani ananitamani. Kumbe alikuwa anatazama kopo! Pale ukutani nilivaa kitenge changu cha njano, mdomo wazi, nikilipindua kopo juu ya sahani ya mteja. Kitako kinawatazama watu. Na shimo lake amelitia kivuli, refu, kuku angeweza kutagia humo.

Nilifanya nini? Nilikimbia nikasimama mbele ya picha, nikatanua kitenge changu mikono miwili kama kuku anayefunika vifaranga. Nikakaa hivyo mpaka saa ya kufunga. Nilijiona mwerevu. Lakini wale walioipita picha bila kunitambua sasa walisimama, wakatazama uso wangu, wakachungulia nyuma ya bega langu, wakatazama tena uso wangu.

"Mama Mireille, kuku yako iko anataga mayai ngapi?" akauliza mmoja.

Nilimtukana. Papa Zefirini alikuwa ameketi kwenye benchi, anakula karanga zake polepole.

Jumatatu sokoni hakuja mtu. Jumanne vilevile. Vijana wa toleka, wale wanaobeba watu kwa baiskeli, wakipita tu wanapiga kelele: "Kokorikooo!" Nikaona watoto wangu watalala njaa na mchele umejaa kwenye gunia. Nikaenda kwa Tante Henrieta, nikalia, nikamwomba anisaidie kumburuta yule mzee mbele ya chifu wa mtaa.

Tante alikuwa anapaka magoti yake mafuta ya mawese. Hakuinua kichwa.

"Alikutukana wapi, ule papa?"

"Alinichora, Tante! Mbele ya parokia muzima!"

"Mudomo ile ku picha, iko yako?"

"Iko yangu."

"Kitenge?"

"Iko yangu."

"Na kopo?"

Nikafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Kopo iko yangu," akasema. "Lakini shimo iko yako. Miye nilikupatia kopo bila shimo."

Halafu akaniambia neno ambalo mpaka leo linanichoma. "Jumapili utaipeleka kule kule. Utainyoosha mbele ya macho yenye iliiona. Usipofanya vile, meza ninapatia Sharloti."

Sharloti alikuwa binti wa baba yangu mdogo, na meza ile alikuwa ameitolea jicho tangu zamani. Donc, nilikuwa na siku nne. Usingizi ulinikimbia.

Jumapili nikaficha kopo na nyundo ndani ya kitenge. Nilikuwa nimetunga maneno mazuri ya kusema kwanza. Lakini nilipoona watu wote wale, maneno yakanipotea, nikaona heri nianze na kazi. Nikachuchumaa chini ya picha yangu, nikaingiza nyundo ndani ya kopo, nikagonga. Pa! Pa! Pa!

Mwanangu, fikiri kidogo. Mji ule, miaka ile, ndani ya ukumbi wenye mwangwi.

Watu wote walilala chini. Wote! Vinyago vikaanguka, benchi zikapinduka, mama mmoja akalia "Wamerudi!" na Padri mwenyewe akaingia chini ya meza ya vikapu, kikapu kimoja kikamkaa kichwani. Nikaanza kupiga kelele: "Ni miye! Ni miye na kopo!"

Kisha kutoka chini ya benchi akatokea Mama Mapasa, mama wa mapacha, mteja wangu mkubwa kuliko wote, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Mama Mireille," akasema, "kwanza ulitupunguzia muchele, sasa unataka kutuua na moyo?"

Hapo watu walicheka mpaka wengine wakarudi chini walikotoka. Na mimi, katikati ya kicheko kile, nikasema yaliyobaki mdomoni: "Nilikuwa ninawaibia. Kopo liko sawa sasa. Muliangalie."

Mama Mapasa akaingiza mkono mpaka kitakoni, akapapasa taratibu kama mganga. "Iko sawa," akasema. "Kesho nitakuja. Lakini nitapapasa tena."

Nikamgeukia Papa Zefirini. "Papa, na wewe sasa funika lile shimo kwenye picha."

Akameza karanga. "Rangi iliisha, binti. Ngoja maboti ipande." Na maboti hayakupanda mwaka ule, wala uliofuata. Picha ikabaki hivyo ukutani, shimo na kila kitu. Meza ilibaki yangu. Sharloti hajanisalimia vizuri mpaka leo. Na kwa miezi mingi hakuna mama aliyenunua mchele kwangu kabla ya kuingiza mkono ndani ya kopo. Wengine mikono yao haikuwa safi! Nilinyamaza, nikangoja watoe.

Basi sikia, mwanangu. Mtu akionyesha kosa lako, usianze kupigana naye. Uliza kwanza kama aliongeza kitu. Kama hakuongeza, nenda ukarekebishe, na urekebishe mahali walipokuona, si chumbani kwako. Usiseme nyakati ni mbaya. Waliokula mchele wako mpungufu waliishi katika nyakati hizohizo. Na ukishanyoosha, usidai waamini siku hiyohiyo. Waache wapapase mpaka wachoke wenyewe.

Mungu akupe mkono usioogopa kutazamwa. Akupe watu wa kukuambia ukweli usoni, na masikio ya kuwasikiliza. Na watoto wako wale washibe, kwa kipimo kilichojaa mpaka chini.