Wifi Yangu na Meli Isiyonguruma

Wifi yangu Jeltje alizaliwa melini, akaolewa melini, na kama si masikio yake angezeekea humo humo. Chumba chao kilikuwa juu ya injini ya dizeli, na kulala juu ya ngurumo ile mwaka baada ya mwaka kulimwachia mvumo kichwani usiokoma. Daktari akamwambia ahamie nchi kavu. Akapanga nyumba katika mji wa Zwartsluis, Uholanzi; mumewe, kaka yangu Harmen, akabaki na meli, nami nikawa baharia wake wa sitahani. Mke na mume wanaopendana wakawa wa kuonana Jumapili! Nilichukia kila tulipofungua kamba tukamwacha gatini.

Mwishowe Harmen akaing'oa dizeli. Mahali pake akafunga mota ya umeme na betri, na juu ya vifuniko vya shehena, kuanzia usukani hadi mbele kabisa, akatandaza paneli za sola. Jua peke yake halitoshi kuisukuma meli iliyojaa ngano, lakini kiangazi linachangia fungu zuri, na kinachopungua tunachaji gatini. Kisha akaenda kumwita mkewe.

"Jua la Uholanzi?" Jeltje akacheka. "Hilo hata soksi halikaushi!"

"Njoo safari moja tu, mke wangu. Masikio yakisumbua, nakurudisha mwenyewe."

"Umeshaniahidi mangapi wewe?"

"Wifi, panda bwana," nikadakia. "Supu ya njegere ya huyu mumeo itatuua."

Akapanda na begi dogo. Dogo mno, la mtu wa kurudi kesho, na moyo wangu ukashuka.

Tukaondoka asubuhi kwenda Rotterdam. Jeltje alikuwa jikoni, chini ya chumba cha usukani, akimenya viazi huku amekunja uso kama mtu anayesubiri kofi. Kofi halikuja. Tulisikia maji tu yakipiga ubavuni. Nilikuwa nimeingia kuomba kahawa, ndipo sauti ya Harmen ikashuka kutoka juu.

"Ona, Jeltje, daraja lile wamelipaka kijani. Baya, eh? Na yule korongo bado yupo. Ungekuwepo ungemcheka."

Kisu kikasimama. "Anaongea na nani?"

"Na wewe," nikasema, nikilengwalengwa na machozi. "Miaka yote hii namwona midomo inacheza kule juu. Dizeli ilikuwa ikinguruma, sisikii kitu. Nilidhani anatukana meli za wenzake!"

Mazoea yana taabu: mke yumo melini, yeye bado anamsimulia kama yuko mbali.

Jeltje akachungulia dirishani, akafuta mikono, akaenda kwenye ngazi.

"Harmen! Daraja lile ni bluu! Umeshakuwa kipofu?"

Meli ikayumba kidogo, kisha ikajinyoosha.

"Bluu?" Harmen akauliza kutoka juu.

"Bluu. Hebu nisogezee kiti, napanda."